Vichupa vya Alhamisi

Wiki ina siku saba, lakini mimi mwaka ule nilikuwa nahesabu moja tu. Ijumaa hadi Jumatano nilikula, nililala, niliuza mafuta na wanja, nikawajibu watu ndiyo na hapana, ila ukiniuliza nilifanya nini sikumbuki. Alhamisi ndiyo nilikuwepo.

Alhamisi saa nane mchana. Saa hiyo jua la Dodoma limeshachoka kuunguza, linakaa tu juu ya mabati ya mtaa wetu wa Kikuyu, upepo unaburuza vumbi polepole barabarani, na wateja wangu wote wako ofisini wanasinzia. Pazia la shanga mlangoni lingetikisika, shanga zikagongana, na kabla sijainua macho ningejua ni nani: kijana aitwaye Zaidi. Shati la mikono mirefu limekunjwa hadi chini ya kiwiko, kalamu mfukoni, mikono inanukia sabuni ya hospitali.

"Asalaam alaikum, Kuluthumu."

Mtaa mzima unaniita Kulu. Wanafunzi wananiita Da Kulu. Yeye peke yake alilisema jina langu lote, taratibu, bila kulikata popote, na mimi nikalisikia likinishuka mgongoni. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu Jumatatu, mazuri kweli kweli. Akishaingia yananikimbia yote, nabaki na moja.

"Karibu."

Nisiwafiche, nilimpenda. Wanasema kipenda roho hula nyama mbichi, na roho yangu mimi ilikuwa imeshatafuna mpaka mifupa. Angesimama pale mbele ya kaunta dakika kumi, akiuliza habari za upepo, habari za zabibu za msimu, habari za mama mdogo, na mimi ningemtazama vidole vyake vikizungushazungusha kalamu. Kisha angeondoka. Ningekaa kwenye kiti changu na mlango ungebaki mtupu, nami ningeendelea kuongea naye kichwani hadi jioni. Kichwani nilikuwa hodari sana wa kuongea.

Tatizo lilikuwa kile alichokuja kununua.

Duka langu ni la vipodozi, lakini chini kabisa kwenye friji, nyuma ya soda, nilikuwa naweka vichupa vya kupunguza mwili. Vidogo, havizidi kidole gumba, kifuniko cha buluu, na ndani unga mweupe kidogo tu umeganda chini. Unauchanganya na maji ya sindano, unajichoma tumboni mara moja kwa wiki, mafuta yanayeyuka. Ndivyo alivyoniambia Ruthu, anayeniletea mzigo kutoka Dar es Salaam. Kwenye lebo kulikuwa na sentensi ya Kiingereza yenye herufi ndogo mno. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaielewa: ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Nilimpigia Ruthu simu siku ile ile.

"Hayo maneno wanaandika tu, shosti, ili wasisumbuliwe njiani," alisema huku akicheka. "Huku mjini wanajichoma mabosi. Utafiti gani?"

Nikamwamini. Si kwamba alinishawishi sana. Nilitaka kuamini.

Na wateja walikuwepo. Wadada wa maofisini, wanafunzi wa chuo, mabibi harusi ambao gauni limeshashonwa na mwili umekataa kuingia. Wote wanawake. Mwanaume alikuwa mmoja tu, Zaidi, na kila Alhamisi alichukua boksi mbili.

Sasa niambie wewe. Mwanaume mwenyewe hana hata kitambi, anakwenda anakuja na boksi mbili za dawa ya kupunguza mwili. Anampelekea nani? Mwenye macho haambiwi tazama. Kuna mwanamke nyumbani, nikasema, mwanamke anayependwa mpaka mume anamfuatia dawa kwa miguu juani. Nikamtengeneza huyo mwanamke kichwani. Nikampa jina, Ikram. Nikampa kiuno chembamba na shingo ndefu, nikampa kanga mpya kila wiki, nikamkalisha kwenye sofa akimsubiri Zaidi. Usiku niliota anapita barabarani kwetu na hata vumbi halimgusi.

"Mume wa mtu ni sumu," mama mdogo Nasra alikuwa akinikumbusha kila Zaidi akitoka.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu wa Kondoa. Tunakaa naye pamoja tangu afiwe na mumewe, na mchana huja dukani na ungo wake wa mchele, akakaa pembeni akichambua na kusikiliza kila kitu. Jumapili kabla ya Alhamisi ninayowasimulia, alikuwa amepokea barua ya posa yangu. Mwenye barua ni Adamu, mkulima wa mpunga wa Bahi, mjane, mtu wa swala tano, anasalimia vizuri. Majibu yalikuwa yanasubiriwa kesho yake, Ijumaa, baada ya swala ya mchana.

"Adamu ana kasoro gani?" mama mdogo aliniuliza asubuhi ile.

"Hana."

"Basi?"

Kasoro ya Adamu ilikuwa moja, kwamba hakuwa Zaidi, na hiyo huwezi kumwambia mama mdogo. Nilijiambia nitamtazama Zaidi leo mara ya mwisho, nimalize, kesho niseme ndiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mama mdogo hakulijua. Wiki tatu zilizopita, Jumatano jioni, nilijifungia chumbani na kichupa kimoja. Mimi ni mwanamke wa mwili. Kwetu Kondoa mama yangu anaita afya, na nikienda kusalimia ananishika mkono anasema Alhamdulillah, mwanangu anakula. Lakini kama Zaidi anapenda wanawake wembamba kiasi cha kuwanunulia dawa, mimi nitaonekanaje? Nikajichoma. Jumatano iliyofuata nikajichoma tena. Na dawa ilifanya kazi, wallahi. Chakula kilinichukiza. Bangili zikaanza kucheza mkononi. Moyo ukawa unakimbia hata nikiwa nimekaa, kichwa chepesi, barabara naiona inaelea mbele yangu, na Alhamisi ndiyo inazidi. Nikasema haya ndiyo mapenzi yenyewe. Nilikuwa nikiyasikia kwa watu, sasa yamenipata.

Shanga zikagongana.

"Asalaam alaikum, Kuluthumu. Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama mdogo alijibu bila kuinua macho kwenye ungo.

"Waalaikum salaam. Karibu." Nikainuka, duka likazunguka kidogo, nikashika kaunta. "Nikutolee boksi mbili kama kawaida?"

"Leo sichukui."

Hakutoa kalamu. Alisimama ameishika kamba ya begi lake kwa mikono miwili.

"Kazi imeisha," alisema. "Nimekuja kukuaga. Na kukwambia kitu, ila sijui nianzie wapi."

Nilikuwa nimejiandaa kumuaga yeye, si yeye kuniaga mimi. Nikatabasamu tabasamu lile la dukani.

"Kwa hiyo shemeji ameshapungua vya kutosha?"

"Shemeji yupi?"

"Mkeo. Si ndiye unayemchukulia?"

Akanitazama. Alikuwa na namna ya kutazama bila kupepesa, akisubiri jambo likae sawa kwanza. "Sina mke, Kuluthumu."

Kule pembeni ungo ukanyamaza.

"Mchumba, basi."

"Sina mchumba. Nina panya."

"Panya?" mama mdogo akadakia. "Hawa hawa wa darini?"

"Weupe, mama. Ninafanya kazi maabara, pale chuoni. Mkuu wangu anafanya utafiti wa hizi dawa zinazouzwa madukani. Mimi ndiye ninayezinunua, ninachanganya, ninawachoma panya, ninawapima uzito na kuandika."

"Yaani," mama mdogo alisema polepole, "binadamu wanaitafuta dawa hii kwa shida, wewe unawachoma panya?"

"Ndivyo lebo inavyosema, mama. Kwa utafiti wa maabara tu."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Mji mzima huu, mteja mmoja tu ndiye aliyeitii lebo, na huyo huyo ndiye niliyemzulia mke mwenye shingo ndefu! Nilicheka hadi machozi, na Ikram wangu akainuka kwenye sofa lake na kanga zake akaenda zake, Mungu amsaidie. Zaidi hana mke. Hana mchumba. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote kati ya Kondoa na Mpwapwa, na barabara nje ya mlango wangu ilielea kwenye mwanga wa jua, dhahabu tupu.

"Na hao panya wako walipungua?" nikauliza, bado najifuta macho.

Yeye hakuwa anacheka.

"Walipungua. Kwanza waliacha kula. Halafu wakawa wanapumua haraka, ukiwashika mkononi moyo unasikia unakimbia. Tukaona ni kawaida. Mwisho wakawa wanalala tu. Walikuwa ishirini. Saba wamekufa. Tulipowafungua, ini... Nimekuja kukuomba uache kuviuza."

Nilisikia kila neno. Kuacha kula. Moyo. Nikaushusha mkono juu ya kioo cha kaunta nipate pa kujishikiza, na bangili mbili zikateleza zikapita kwenye kiganja, zikaanguka. Zaidi akazitazama bangili. Akautazama mkono. Akanitazama mimi, kuanzia usoni.

"Umepungua," akasema.

Neno nililolisubiri wiki zote hizo! Mungu anisamehe, badala ya kuogopa nikauliza, "Nimependeza?"

"Kuluthumu. Umejichoma?"

Mama mdogo akasimama, ungo ukamtoka, mchele ukamwagika sakafuni wote.

"Mara ngapi?" Zaidi aliuliza.

"Nne. Kila Jumatano, ili Alhamisi..." Nikaishia hapo.

"Ili Alhamisi nini?"

"Ili unione."

Ndiyo, nilisema. Mbele ya mama mdogo, mbele ya mchele wake. Maneno yote yale ya kuandaa tangu Jumatatu yalikuwa yamekimbia na haya ndiyo yaliyobaki.

Zaidi akafumba macho. "Mimi nilikuwa nakuona tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilikuwa nakuona vizuri sana."

Laiti angeishia hapo ningeanguka mikononi mwake. Lakini nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu.

"Huyo panya wa kwanza alikufa lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu." Nikaona damu yangu inapanda. "Wiki tatu zilizopita mimi nilikuwa nimejichoma mara moja tu. Ukaja hapa. Ukasimama hapo hapo ulipo. Ukaniuliza habari za zabibu! Ukanunua, ukasema ahsante, ukaondoka!"

"Tulikatazwa kusema mpaka matokeo yakamilike. Mkuu alisema wenye maduka wakijua wataficha mzigo."

"Wenye maduka. Mwenye duka ni mimi, Zaidi. Ulikuwa unanichunguza."

"Kwenye karatasi zetu wewe ni duka namba saba. Jina lako sijaliandika popote."

"Namba saba!" Mwanaume pekee duniani aliyelisema jina langu zima, kumbe kazini kwake mimi ni namba. "Toka."

"Kuluthumu, nisikilize."

"Toka nimesema."

Hakutoka. Aliweka begi chini, taratibu, akasema akiwa ameinamia begi lenyewe, "Kila duka tulitakiwa kununua mara mbili. Mara mbili tu. Kwako nimekuja mara kumi na moja."

Upepo ukapita kwenye shanga. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti anakusanya mchele, lakini mikono yake ilikuwa imesimama.

"Hivyo vingine viko wapi?" nikauliza.

"Chumbani kwangu. Friji yangu haina nafasi hata ya maziwa. Baada ya panya kuanza kufa nilijiambia kila kichupa ninachochukua mimi, kuna mtu hatajichoma nacho. Kabla ya hapo..." Akainua uso. "Kabla ya hapo nilikuwa nakuja tu. Sikuwa na sababu nyingine ya kuingia duka la vipodozi."

Nilitaka kulia na kumpiga na kumkumbatia, vyote kwa wakati mmoja. Lakini kuna jambo hakulijua, na nikaona ni haki alijue.

"Unajua mwanzoni nilikuwa naagiza boksi ngapi kwa mwezi? Mbili. Nilipopata mteja wa kila wiki nikaagiza kumi na mbili. Wewe ulichukua zako, zilizobaki nikawauzia watu, maana Ruthu alikuwa analeta nyingi. Ulidhani unazimaliza. Ulikuwa unaziongeza."

Akakaa juu ya kreti la soda. Msomi wa watu, mwenye kupima panya kwa gramu, hili hakulipima. Uso wake ulibadilika rangi.

"Sikuwaza," alisema.

"Na mimi nilisoma lebo nikaamini nilichotaka. Hakuna wa kumcheka mwenzake."

Shanga zikagongana tena. Akaingia Brightness, mwanafunzi wa chuo, simu mkononi na miwani kichwani.

"Da Kulu, mambo! Nimekuja kuchukua ile order yangu ya pili."

Nikatazamana na Zaidi. Friji ilikuwa inanguruma nyuma yangu.

"Sina," nikasema.

"Si ulinitumia meseji asubuhi kwamba vipo?"

"Vipo, ila siuzi tena. Kile cha kwanza umeshajichoma?"

"Bado. Naogopa sindano, namsubiri roommate aje anisaidie."

"Usijichome. Kirudishe kesho, nitakurudishia hela yako. Ni sumu, Brightness. Nimekuuzia sumu."

Alinitazama kama nimerukwa na akili, akamtazama mama mdogo aliyepiga magoti kwenye mchele, akarudi kinyumenyume hadi nje. Nikachukua simu yangu, nikaanza kutafuta majina ya wengine. Herufi zikawa zinaogelea. Mama mdogo akaninyang'anya.

"Utapiga ukiwa hospitali," alisema. "Funga duka. Na wewe kijana, usisimame kama mlingoti, kaite bajaji."

Tulibanana watatu, mama mdogo katikati yetu kama ukuta. Sikuona njia. Niliona tu mwanga wa alasiri ukipita kwenye mikono ya Zaidi aliyeikunja mapajani, unakuja, unaondoka, kwenye kila mti tuliopita. Nilikuwa na hasira naye bado. Na nilitamani ile bajaji isifike.

Hospitali nesi alinifunga mpira mkononi, akatafuta mshipa. Zaidi alikuwa amesimama karibu, amejikaza, mtu ambaye kila siku ya Mungu kazi yake ni kuchoma sindano. Nesi alipoinua sindano yake, akageukia ukutani. Nikaona mabega yake yanatetemeka.

"Kaka," nesi akasema kwa utani, "anayechomwa ni huyu."

Alikuwa analia, na hakujua kulia kimya. Mama mdogo akamtazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

Majibu yangechukua saa moja. Tukakaa kwenye benchi la kibarazani, na mama mdogo akaanza, kwa sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Haubi, mama. Kondoa."

"Mtu wa nyumbani." Akatikisa kichwa, hakufurahi. "Nisikilize vizuri. Machozi nimeyaona. Kununua mara kumi na moja nimesikia. Lakini wewe ulijua kitu kinaua, ukamwangalia mwanangu usoni, ukanyamaza wiki tatu kwa sababu bosi amesema unyamaze. Leo ni dawa. Kesho ukimwoa utamnyamazia nini? Adamu wa Bahi hana maneno matamu, lakini mbuzi akiumwa pale kwake, mtaa mzima unajua."

"Mama mdogo..."

"Nimemuuliza yeye."

Nikaona moyo unaniuma, maana mama mdogo hakusema uongo hata neno moja, na mimi nilikuwa nafikiria hayo hayo tangu dukani. Unaweza kumpenda mtu hadi ukaumwa na bado ukawa humwamini. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Nipe simu, mama mdogo," nikasema. "Walionunua ni kumi na watatu."

Nikampigia wa kwanza, dada mmoja wa ofisini aitwaye Restuta. Nikamweleza. Alinitukana. Alisema mimi ni muuaji, kisha akauliza kwa sauti iliyovunjika dalili ni zipi, na hapo nikakwama, maana sikuzijua zaidi ya zangu. Zaidi akanyoosha mkono. Nikampa simu.

"Dada Restuta, habari za saa hizi. Naitwa Zaidi Ibrahimu, ninafanya kazi kwenye maabara inayopima hizo dawa. Kuluthumu ameambiwa leo. Mimi nilijua wiki tatu zilizopita na sikusema. Kosa la hizo wiki tatu ni langu, nitukane mimi. Sasa nisikilize, usijichome tena, na leo hii nenda hospitali uwaambie wakupime ini."

Akamtajia dalili moja moja, bila haraka. Alimtajia jina la chuo na namba yake ya simu. Akasubiri atukanwe, akatukanwa, akasema "ni kweli, dada," akanirudishia simu.

"Zaidi," nikamnong'oneza, "si mmekatazwa?"

"Tumekatazwa."

"Watakufukuza kazi."

"Inawezekana." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Mpigie wa pili."

Tuliwapigia wote. Wengine walilia, mmoja alicheka na kukata, wawili walikuwa wameshaanza kujisikia vibaya na walidhani ni malaria. Kwa kila mmoja alijitaja jina lake kamili. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima, ua wa hospitali umejaa rangi ya zabibu mbivu, na mimi nilikaa nikimsikiliza akisema makosa yake kwa watu asiowajua, sauti ile ile ya Alhamisi. Moyo wangu ulikuwa bado unakimbia, na sasa sikujua ni dawa au ni yeye. Nikajiambia dawa itaisha, tutaona kitakachobaki.

Daktari akaniita. Ini limeathirika, alisema, lakini nimewahi. Nisiguse tena kitu hicho, nile, ninywe maji, nirudi apime tena. Mama mdogo alisema Alhamdulillah mara tatu. Zaidi alishika fremu ya mlango.

Tulikuwa tunatoka getini simu yake ilipoita. Akatazama jina la mkuu wake, akasimama wima kama askari.

"Ndiyo, Daktari... Ndiyo, ni mimi niliyewaambia... Wote kumi na watatu... Najua, Daktari. Najua ripoti haijatoka."

Sauti ya mkuu wake tuliisikia hadi sisi. Ilikuwa inafoka. Zaidi aliiacha ifoke, kichwa kimeinama, hakujitetea na hakukata. Mama mdogo alimtazama akifokewa, akakaza mtandio wake, akakohoa.

"Haya, Kulu," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kwelikweli. "Kesho baada ya swala watu wa Bahi wanataka jibu. Niwaambie nini?"

"Wasalimie sana," nikasema. "Waambie Adamu ni mtu mwema na atapata mwema mwenzake. Mimi nina mtu."

Zaidi aligeuka. Mkono wenye simu ukashuka taratibu hadi ubavuni, na kule ndani ya simu ile sauti ikaendelea kuita, Zaidi, Zaidi, unanisikia? Hakuwa anaisikia.